Picha Ishirini na Saba za Baba Anselme

Bunia, tarehe 11 Februari 2024

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Siye wote tuko wazima, isipokuwa kikohozi cha watoto kilicholetwa na vumbi. Na weye je? Mguu unaendeleaje? Najua utajibu "mguu upo", lakini nauliza kweli.

Nimeona tuandikiane kwa mkono, maana simu na masikio yako havielewani tena. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani nagombana na mume wangu. Patou dereva amekubali kubeba barua zetu kila anapopanda Mahagi kuchukua mzigo.

Neno lenyewe ni hili. Mama Mkubwa Suzanne ametangaza kwamba matanga ya Mama yataondolewa hapa Bunia, nyumbani kwake, Jumamosi tarehe 15 Juni. Anataka picha kubwa ya Mama ya kuweka mbele ya altare wakati wa misa, kisha aitundike sebuleni. Hapa ofisini kwetu, kwenye fotokopi, tulijaribu kukuza ile ya kadi ya uchaguzi. Uso ulitoka wa kijivu, macho ya mtu aliyekamatwa na polisi. Mama Mkubwa aliitazama akasema huyo si mdogo wake.

Siku ya maziko alikuuliza mbele ya watu: weye uliyepiga picha Mahagi nzima, ya mke wako iko wapi? Ukamjibu kuwa ipo moja, imo ndani ya kamera, haijaoshwa bado. Hajasahau, Baba. Nitumie hiyo kamera mapema, nitafute mahali pa kuiosha filimu.

Ni mimi binti yako,
Véronique

Mahagi, 25 Februari 2024

Binti yangu Véronique,

Amani ya Bwana ikae nanyi. Mguu upo. Tunangoja mvua ili tupande mahindi. Kikohozi cha watoto kipe asali na chumvi, usikimbilie sindano.

Patou anakuletea kamera, nimeifunga ndani ya soksi. Hii siyo ile kubwa ya utoto wako, ya kuzungusha filimu kwa kidole. Hii niliinunua Arua, upande wa Uganda, ulipokwisha kuolewa. Inaingia mfukoni na haina cha kupima: unaelekeza, unabonyeza, filimu inajivuta yenyewe. Wenzangu waliicheka wakasema ni kamera ya watalii. Lakini ilinilisha miaka mingi, ubatizo na harusi, mpaka simu zikaja na kila mtu akawa mpiga picha.

Kidirisha cha juu kinaonyesha 9. Maana yake zimebaki picha tisa. Ishirini na saba zimekwisha kupigwa. Humo mna komunio ya kwanza ya watoto wa parokia, mwaka 2018. Wazazi wao bado wananiuliza sokoni, nami namshukuru Mungu kwa uziwi.

Ukitaka kuitoa bila kumaliza zile tisa, tia betri mpya, gusa kitundu cha chini kwa ncha ya kalamu, ngoja mpaka mlio ukome. Usifungue kabla.

Kuhusu picha ya Mama yako, tutaona. Filimu ni ya zamani.

Baba yako,
Anselme

Bunia, 17 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo na habari za siku. Natumaini mvua imewafikia. Hapa imenyesha mara mbili na barabara ya soko kuu sasa ni matope matupu. Watoto wamepona, asali ilisaidia, chumvi waliitema. Mume wangu anakusalimu. Jirani yetu amejifungua mapacha. Bei ya samaki imepanda tena.

Kamera ilifika vizuri. Hapa Bunia sikumpata mtu anayeosha filimu, kwa hiyo nimempa Aimé, mtoto wa Mama Mkubwa, anayefanya biashara Kampala. Tungoje.

Binti yako,
Véronique

Mahagi, 7 Aprili 2024

Véronique wangu,

Siye wazima, Pasaka tumeiona. Mahindi yameota vizuri upande wa juu, wa chini wamekula ndege.

Usimsumbue Aimé. Filimu ikikaa miaka mingi hufa ndani ya giza lake, hata fundi hodari hawezi kitu. Kama haitatoa chochote, basi, ni mapenzi ya Mungu, na Suzanne naye ataelewa.

Mpelekee salamu.

Baba yako

Bunia, 14 Aprili 2024

Baba,

Nakusalimu, na leo sina habari za jirani.

Filimu haikwenda Kampala. Imo sandukuni mwangu, chini ya vitenge, pamoja na kamera. Nilikudanganya.

Uliandika nitie betri mpya. Mimi nilichomoa zile za saa ya ukutani, nikaona betri ni betri. Nikagusa kitundu, ikalia kidogo, ikanyamaza. Nikangoja, nikaiweka sikioni, kimya. Nikafungua mgongo wake pale ofisini, saa sita mchana, karibu na dirisha. Filimu ilikuwa bado imetandazwa nje, inang'aa. Nilifunga haraka, lakini nuru haingoji mtu.

Mimi ni mtoto wa mpiga picha. Weye mwenyewe ulitufundisha kwamba filimu iliyo nje ya kopo ndiyo iliyopigwa, na ikiona jua imekwisha. Picha moja tu ya Mama duniani, nami nimeiunguza kwa ubahili wa betri. Silali vizuri. Nikimwona Mama Mkubwa barabarani napita njia nyingine.

Niambie la kufanya. Kunikemea unikemee kwa herufi kubwa, nitavumilia.

Véronique

Bunia, 12 Mei 2024

Baba mpendwa,

Habari za afya? Patou anasema barua yangu alikupa mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama. Huu ni mwezi wa pili na hujanijibu. Ninaelewa kwamba umekasirika.

Mama Mkubwa amekwisha kununua fremu. Imekaa mezani kwake, anaipangusa kila siku. Kama sitapata neno lako kabla ya mwezi kwisha, nitakwenda kumwambia kwamba ni mimi niliyeunguza picha. Aibu ni yangu, acha niibebe kabla ya siku yenyewe.

Binti yako,
Véronique

Mahagi, 26 Mei 2024

Véronique mwanangu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ya Aprili niliisoma siku ileile ilipofika. Barabara ilifungwa siku kumi, lakini hiyo siyo sababu. Magari yalipita na sikuandika.

Kwanza kamera. Hukuunguza kitu. Hii hufanya kinyume na ile ya zamani. Ukitia filimu, inaivuta yote nje kwanza. Kisha kila picha ikipigwa, inairudisha ndani ya kopo. Ndiyo maana hesabu yake inashuka. Ulichokiona kinang'aa ni zile tisa tupu. Ishirini na saba zilikuwa zimekwisha kuingia gizani zamani. Niliichagua kwa sababu hiyo. Kwenye harusi moja huku, shahidi mlevi alifungua ile kubwa ili aone kama ametoka vizuri, nikapoteza harusi nzima.

Ningeweza kutokukuambia hayo. Ungejibebesha kosa, Suzanne angekukasirikia weye, angekusamehe, nami ningetoka mzima. Nilikaa na wazo hilo wiki tano. Ujue kwamba baba yako alikaa nalo. Kisha ukaandika kwamba unakwenda kumwambia.

Mama yako hayumo kwenye filimu hiyo. Hakuna picha niliyompiga, hata moja. Siku ya maziko nilisema uongo kwa sababu watu walinitazama.

Filimu ni ghali, zilikuwa za wateja tu. Siye wapiga picha tulikuwa na flashi ya bure, kwa watoto wanaolia na kwa walevi: kamera ikiwa tupu unabonyeza, mwanga unawaka, mtu anaondoka na furaha yake. Kila Noeli na kila Pasaka, Mama yako akitoka misa na kitenge kipya, alisimama ukutani akasema, "Na mimi leo." Nami nilimpiga flashi ya bure. Akiuliza picha, nilisema huko Arua wameiharibu wakati wa kuiosha. Noeli nyingine anasimama tena. Kila mwaka nilisema mwaka ujao nitatia filimu. Alisimama hivyo miaka yote ya ndoa yetu, na sasa nashindwa kulala nikikumbuka kidevu chake alivyokiinua.

Usimwambie Suzanne chochote. Nitakuja nimwambie mwenyewe.

Baba yako,
Anselme

Bunia, 2 Juni 2024

Baba,

Nimekusalimu. Barua yako niliisoma mara mbili, na ya pili nilikasirika kuliko ya kwanza. Nililia kwa ajili ya picha isiyokuwapo. Na Mama alisimama pale juani bure. Nilikuwa namwona nikiwa mdogo, nikadhani picha zake zimefichwa mahali kwa sababu ni za thamani.

Lakini ungeweza kuniachia mzigo na hukuniachia. Hilo nimeliweka upande wa pili wa mizani.

Njoo. Patou atakuchukua Alhamisi tarehe 13, nimempangia kiti cha mbele kwa ajili ya mguu wako. Nitakaa kando yako. Filimu nimempa Aimé, safari hii kweli, ili wale watoto wa komunio wapate picha zao. Nadhani wengine sasa wana masharubu.

Binti yako,
Véronique

Mahagi, 23 Juni 2024

Véronique wangu,

Amani kwenu. Nilifika salama, mguu umevimba kidogo kwa safari. Asante kwa kitanda na kwa ule mchuzi.

Nina swali. Pale baada ya misa, niliposimama mbele ya ile fremu tupu na kusema, sauti yangu niliisikia kifuani tu. Sijui kama nilisema taratibu au nilipiga kelele. Nilimaliza. Nikaona Suzanne anasimama, anazungumza kwa muda, macho yake kwangu. Wanawake wengine walijifunika uso kwa kitenge, wengine walicheka. Weye ulilia. Nilikuuliza, ukanishika mkono, hukuandika kitu. Kisha Suzanne akaniletea sahani ya kwanza, kabla ya wanaume wengine wote, nikala bila kujua nimesamehewa au nimehukumiwa. Asubuhi Patou alikuwa na haraka.

Niandikie alichosema. Kiandike chote, usinipunguzie kwa sababu mimi ni baba yako.

Anselme

Bunia, 30 Juni 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa mguu. Uchue kwa maji ya moto yenye chumvi.

Sikuandika pale kwa sababu watu walinizunguka. Ulisema taratibu, Baba. Watu wote walisikia.

Walicheka kwa sababu Mama Mkubwa aliigiza jinsi Mama alivyokuwa anasimama ukutani. Niliyaandika maneno yake usiku uleule ili yasinipotee. Alikuonyesha kiti, akasema hivi:

"Shemeji, ikala. Ile mambo siye tulijuaka zamani. Joséphine alijua tangu mwanzo kama kamera iko bule. Filimu zote zilikuwa mu sanduku yake, chini ya sabuni, yeye njo alikuwa anazichunga. Angekosaje kujua? Siku moya nilimuuliza: sasa juu ya nini unavala vizuri, unasimama mu jua, na unajua hakuna filimu? Akanijibu: 'Yaya, mukubwa yangu, Anselme anaangalia watu siku yote, ni kazi yake. Mimi niko mu nyumba, haniangalii. Lakini kama nasimama pa ukuta, anafunga jicho moya na ananiangalia sana, mupaka anabonyeza. Picha ya nini? Ile kuangaliwa tu njo kitu nilikuwa nataka.'"

Halafu akakaa. Hayo ndiyo aliyosema, Baba, sikupunguza.

Binti yako,
Véronique