Viatu vya Yusufu

Yamumbi, Eldoret

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nyonga yako inaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Mimi mwili u mzima, ila nina hofu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Baba, nimefanya lile ulilonikanya. Imamu wetu alisafiri, wakaniomba nishike darsa la baada ya alasiri. Ningesoma maana ya dhahiri nikanyamaza, ingetosha. Lakini tulipofika pale Nabii Musa anapoamriwa avue viatu bondeni, niliona watu wanapiga miayo. Nikawafungulia ile tafsiri ya masufi uliyonipa baada ya miaka saba ya kukusomea, ukanikanya nisiwape wasioandaliwa: kwamba viatu viwili ni dunia na akhera, na anayemtaka Mola avivue vyote. Watu wakalia. Nami, Baba, nilifurahi walipolia. Nilirudi nyumbani nikijiona shekhe.

Mle ndani alikuwamo Yusufu, muuza duka aliyesilimu mwaka jana. Ni mtu mpole, akiambiwa jambo hulifanya. Ilikuwa juu yangu kumweleza kwamba kuvua ni kwa moyo, hatua kwa hatua, na mtu wa kukuangalia. Sikumweleza.

Kesho yake mkewe, ambaye bado ni Mkristo, alinijia kazini kwenye kiwanda cha maziwa. Alikuwa ameshika viatu vya mumewe.

"Mwalimu, alisema ni wewe umemfunza," akaniambia. "Ameacha duka wazi, ameacha hizi kwa mlango. Sasa niambie ako wapi."

Sikujua. Tulimtafuta siku mbili, hadi mji wa Ziwa. Kila nikifumba macho nilimwona amekufa. Mkewe hakunitukana hata mara moja, na afadhali angenitukana.

Siku ya tatu wakimbiaji waliokuwa mazoezini walimkuta katika msitu wa Kaptagat, miguu mitupu imevimba, anahema kwa shida. Alikwenda kumtafuta Mola kwenye baridi ile bila hata sweta. Sasa yuko hospitali na nimonia, na daktari hajatupa matumaini. Jana nilikwenda kumwona. Alinishika mkono, akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote:

"Mwalimu, mimi nimevua. Wewe ulivua lini?"

Nikatazama chini. Nilikuwa na buti za kazini na soksi pea mbili.

Darsa nimeliacha, lakini swali halijaniacha. Naogopa atakufa kabla sijamjibu, na naogopa zaidi atapona aniulize tena. Niombee, Baba, kisha niambie la kusema.

Nibusie Mama mikono. Msalimu dada Zuhura anayewatunza, na mjomba Bakari aliyeniombea safari; mwambie asiache kuniombea.

Mwanao,
Athmani

Nimesahau: viatu vyenyewe mkewe aliniachia. Viko mlangoni kwangu, na kila nikitoka naviruka.