Bei ya Pikapu ya Butimba

Jumamosi. Tangu asubuhi hakuna upepo. Wadudu wa ziwani wamepanda juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi, na kufikia mchana walikuwa wameshafika Butimba, kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye kingo za vikombe. Nimeoga lakini bado nahisi wananitambaa shingoni.

Leo tumenunua gari. Ningepaswa kuwa na furaha.

Baba ameuza ng'ombe kwa ajili yake. Anasema zamani gari lilikuwa la mkurugenzi, tena kwa kibali, na sasa hata mfugaji wa Buswelu anaweza kulipata, mradi awe na fedha. Anataka pikapu ya kubebea dagaa kutoka soko la Mwaloni kwenda minadani. Tangu nimalize kidato cha nne nakaa tu nyumbani, kwa hiyo aliniahidi mbele ya mama: kitakachobaki baada ya kununua gari kitakuwa ada yangu ya kozi ya kupiga chapa. Ndiyo maana nilikubali kufuatana naye. Mimi Kabula, ambaye hata dukani huogopa kusema ninachotaka.

Mjomba Masanja naye alikuja, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuendesha. Njiani alituambia kwamba pale Kirumba pikapu kama hiyo, iliyotumika Japani, inauzwa milioni mbili. Ikizidi hapo, tunaibiwa.

Gari lenyewe tulilikuta Butimba, kwa mama mmoja mtu wa Mara, Mjita, amevaa khanga ya rangi ya zambarau. Wanamwita Mama Nyamburi. Pikapu ilikuwa mbele ya dirisha la sebuleni, nyeupe, imefunikwa na wadudu hadi ikaonekana ina manyoya.

Baba aliizunguka. Akaipiga kofi ubavuni kama anavyopiga ng'ombe. Akachuchumaa, akachungulia chini.

"Shemeji, usiifungue mdomo," mjomba akamwambia. "Hii haina meno."

Baba hakucheka. Aliuliza bei, na mama yule akasema milioni mbili na nusu.

Hapo baba akanyamaza.

Ninamfahamu anaponyamaza. Mnadani ndivyo wanavyopatana. Ukitajiwa bei humjibu mtu, unatazama mbali, unachokonoa meno kwa kijiti, na muuzaji anajua bado upo, anaendelea. Kwetu kunyamaza ni kuzungumza.

Mama Nyamburi alisubiri kidogo, akasema, "Ngoja nikamuulize mwenyewe." Akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chini ya dirisha. Nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini, kisha kimya, kisha akasema "ndiyo," kisha kimya tena. Sauti ya pili sikuisikia. Nilidhani mumewe ni mgonjwa.

Akatoka. "Anasema milioni mbili na laki mbili."

Baba kimya.

Akarudi ndani. Milioni moja na laki nane. Mjomba alimsogelea baba akamnong'oneza kwa Kisukuma kwamba mdomo wake uliofungwa una faida kuliko duka. Nami, nakiri, nilianza kupiga hesabu ya ada moyoni.

Mama Nyamburi alipoingia mara nyingine aliniita. "Njoo unisaidie kubeba chai, mwanangu."

Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja kilichotazama dirishani, kuelekea kwenye pikapu. Juu ya mgongo wake limetundikwa koti la mwanaume. Chini, viatu vyeusi vimepangwa pamoja, vimepakwa dawa. Mbele yake, kwenye stuli, kikombe cha chai kilichojaa, kinatoa mvuke.

Hakuna mtu.

"Msalimie," mama yule akasema.

Nilitazama mlango mwingine, nikidhani kuna anayekuja. Hakuja mtu. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo kwa kile kiti, kwa sababu sikujua la kufanya na kwa sababu nimefundishwa kutii.

Sikusikia marahaba. Lakini Mama Nyamburi alitabasamu kama mtu aliyeisikia.

"Tumemzika kabla ya Pasaka," aliniambia huku akimimina chai nyingine. "Gari ni lake. Siwezi kuuza bila kumuuliza. Sasa kila baba yako akinyamaza, mume wangu anajua mmekataa, ananiambia punguza. Hakuwa mtu wa kubishana. Kwetu ziwani, mteja akinyamaza amekwenda zake."

Kisha akainama sikioni pa lile koti, akauliza, akasubiri. Akaniambia tutoke.

"Milioni moja na nusu," alimwambia baba. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

Nilimwona baba anakaribia kutikisa kichwa kukubali. Nikaweka sinia chini. Sijawahi kuingilia wakubwa wanapopatana.

"Baba," nikasema. "Mwenyewe amefariki."

Nikamweleza yote. Baba alivua kofia. Mjomba Masanja, aliyekuwa ameegemea boneti, aliruka kama ameketi juu ya kaa la moto.

"Shemeji, mimi siushiki usukani wa gari hilo! Nikimkuta amekaa pembeni nitamwambia nini, shikamoo?"

"Utamwambia shikamoo," baba akajibu. "Kabula ameshamwambia na hajafa."

Kisha baba alimwomba radhi Mama Nyamburi, akamweleza maana ya kimya cha mnadani. Mama yule alitikisa kichwa, akasema sasa hajui amwambie nini mumewe, ameshamchosha. Baba akanigeukia mimi.

"Nenda wewe. Mwambie hatukuelewana. Ataje bei iliyo haki, nami nitaitoa."

Niliingia peke yangu.

Nikasimama mbele ya kiti. Niliyasema yale maneno ya baba, kwa sauti, kama mtu anayesoma risala. Wadudu walikuwa wakigonga kioo cha dirisha kwa nje, wengi, polepole, na mvuke wa chai ulikuwa bado unapanda, ingawa chai yetu sisi ilikuwa imeshapoa. Nikasubiri. Sikusikia sauti yoyote. Nakiri hilo hapa, ambapo hakuna wa kunicheka.

Lakini nilijua ni wakati wa kutoka.

Nilipofika nje mbele ya baba, mdomo wangu ulisema wenyewe: "Milioni mbili. Na anasema usimjibu kwa kunyamaza."

Mama Nyamburi alijishika kifua. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Ndivyo alivyokuwa akiniambia mimi," alisema. "Kila tukigombana. Usinijibu kwa kunyamaza."

Baba aligeukia dirisha akasema kwa sauti kubwa, "Nimekubali, mzee!" Akatoa fedha pale pale. Kilichobaki kilitosha mafuta ya kutufikisha Buswelu tu. Mjomba aliendesha vioo vyote vikiwa wazi, hakutania hata mara moja njia nzima.

Sasa baba yuko uani anaosha wadudu kwenye pikapu. Amenipitia mlangoni, akaniuliza kwa upole kama kweli nilisikia, au nilimwonea huruma yule mama nikasema bei ya Kirumba. Kisha akarudi kwenye ndoo yake.

Ni kweli bei ya Kirumba nilikuwa naijua.

Lakini hiyo kozi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakitaka mwaka huu. Kama ningeitunga mimi ile bei, si ningejibakishia ada?