Udi Ndani ya Gari la Kulala

Mdogo wangu Zuhura,

Sote wazima, na nywele zangu zinanukia udi hadi leo. Gari letu lenye vitanda na jiko tumeliegesha huku Uingereza, Queensbury, nje ya nyumba ya mwanangu Salum. Wiki nzima binti yake, Nasra, ananijibu Kiingereza tu, nikawa nasononeka: mjukuu huyu nitamhadithia kwa lugha gani?

Jana shemeji yako kakaanga nguru mle garini. Unanijua, mimi silali kwenye shombo. Nikawasha chetezo, nikatia udi, nikafunga madirisha ili moshi ukolee kama nyumbani. Kengele ya moshi ikalia mtaa mzima ukasikia! Mara mtu anagonga mlango kwa ngumi: "Bibi, toka! Bibi, unaungua! Babu, njoo upesi!"

Nikafungua. Nasra, miguu mitupu, machozi yanamtiririka. Nikamkumbatia huku nacheka na kulia.

Kiswahili anacho, Zuhura, na hataki bibi yake aungue.

Wabusu wanao wote. Leo tumefukiza tena, mlango wazi, chetezo kakishika Nasra.

Dada yako,
Rukia