Gazeti la Kioo cha Saba

Makambako, 26 Mei 2024

Kwa dada Zubeda,

Shikamoo. Mie mzima, kifua tu kinapiga mluzi asubuhi. Wewe hujambo? Na mwanao Hija shule anakwenda, au bado anakusumbua?

Dada, kulala gesti sasa basi. Mwaka mzima nazunguka minada ya huku na majaketi yangu ya mitumba, na kila faida inaishia kwenye vitanda vyenye kunguni. Sasa nalala kwenye Hiace. Nimetoa viti vya nyuma, nimegonga kitanda cha mbao, na nyuma ya dereva nimeziba na ubao. Ishu ni vioo. Baridi inapenya hapo, na kukicha vinatiririka maji mpaka shuka linalowa. Halafu wapita njia wananichungulia navaa suruali.

Wewe ndiye fundi, nichagulie kitu cha kuzibia. Kuna fundi wa huku kasema atanibandikia sponji ya godoro kwa gundi. Vipimo nimekukatia kwa gazeti, nimeviandika namba, vimo humu kwenye bahasha na nimempa kondakta wa basi. Kwenye simu hatutaelewana, maana ukianza kusema mtu hapati nafasi.

Mdogo wako,
Mudathir

Mtoni, 30 Mei 2024

Mudi mdogo wangu,

Marahaba. Sie wazima, Hija ana mafua lakini shule anakwenda. Na kusema nitasema. Mama alikuacha una miaka tisa, ulitaka nikulee kwa ishara?

Huyo fundi wa sponji mwambie akalalie yeye. Sponji inakunywa maji ya pumzi, mwezi haujaisha imeota ukungu, na kifua chako na ukungu havikai nyumba moja. Nimekwenda Kariakoo mwenyewe. Kuna ile nyembamba yenye karatasi ya fedha pande mbili, wanayoitandaza chini ya bati. Hainywi maji. Nataka kukushonea hivi: nje turubai jeusi, katikati hiyo ya fedha, ndani kitambaa cha viti rangi ya chai ya maziwa, usijione uko kaburini. Pembeni nazungushia sumaku, zinanasa zenyewe kwenye bati la gari. Hilo turubai jeusi nimelichagua makusudi. Mwizi akichungulia adhani gari limeegeshwa tu, halina mtu. Ukutani na darini bandika hiyo ya fedha, nakutumia jora zima.

Ila umeniletea magazeti sita. Hiyo Hiace viti vyake nimeshona mie, na ukiacha vioo vya dereva, nyuma ina saba. Cha saba kiko wapi?

Na mficha maradhi kifo humuumbua. Huo mluzi niandikie ukoje.

Dada yako,
Zubeda

Makambako, 9 Juni 2024

Dada Zubeda,

Shikamoo dada. Poleni na mafua. Vifuniko sita vimefika na vimekaa sawasawa, nikivibandika mchana sioni hata mkono wangu. Wenzangu mnadani wanauliza kama nimevinunua Ulaya. Nimewaambia Ulaya iko Mtoni.

Cha saba ni kile kidogo cha kuteleza, nyuma kushoto. Sikukikatia gazeti kwa sababu ya mzee Elinaza, huyu anayeuza viazi ubavuni kwangu. Kasema gari si nyumba, niache mahali pa kupumulia. Kwa hiyo nakiacha wazi vidole viwili. Lakini dada, baridi yote ya huku imeijua hiyo njia. Inakuja moja kwa moja kifuani. Juzi nimekohoa mpaka mbavu zimeuma.

Mdogo wako,
Mudathir

Mtoni, 14 Juni 2024

Mudi,

Marahaba. Sijalala vizuri tangu nimesoma habari ya mbavu.

Mzee Elinaza mpe salamu zangu, namheshimu, lakini yeye kazaliwa na baridi hiyo. Wewe umezaliwa Temeke, baridi yako ilikuwaga feni. Nikatie gazeti la hicho kioo uniletee, na sitaki mjadala. Nimekubembeleza mambo mengi, hili sikubembelezi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Unakumbuka mama alivyokuwa akifanya ukibanwa kifua? Anatia makaa kwenye chetezo, na ubani kidogo, anakisukuma chini ya kitanda. Unalala mpaka jua linawaka. Tena kile chumba kilikuwa hakina dari, paka wa Bi Tunu akipita juu ya ukuta anashuka kula samaki wetu. Sembuse hilo gari lako lisilo na mwanya, joto si litakaa mpaka asubuhi. Chetezo cha mama ninacho. Nakutumia pamoja na kifuniko.

Dada yako,
Zubeda

Makambako, 20 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Umeshinda, gazeti hilo hapo. Samahani mwandiko, nimeandika nikiwa nimevaa majaketi mawili ya biashara.

Mudathir

Mtoni, 24 Juni 2024

Mudi wangu,

Marahaba. Kifuniko nimekikata kikubwa kuliko gazeti, kivuke ukingo pande zote, na sumaku nimeongeza. Hapo hapiti hata unyoya. Chetezo nimekifunga kwenye kanga ya mama, usikivunje. Ubani nimenunua ule mzuri.

Ukipata mzigo niandikie, nijue moyo wangu niuweke wapi.

Dada yako,
Zubeda

Makambako, 30 Juni 2024

Dada yangu Zubeda,

Shikamoo. Uweke moyo chini. Kifuniko kimenasa, gari sasa ni chumba cha mtu. Jana nimelala bila soksi.

Chetezo nacho kimefanya kazi yake. Ule moshi wa ubani ulinirudisha nyumbani kabisa, nikamsikia mama anaburuta ndara zake. Tatizo ni kidogo, makaa yanaisha mapema. Leo nimenunua jiko dogo, nitatia mkaa wa kutosha nipate joto la moja kwa moja. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi, lakini kikohozi kimepungua, kwa hiyo silalamiki.

Dada, mie huwa sisemi. Tangu mama afe sijapata joto namna hii. Ahsante.

Mdogo wako,
Mudathir

Mtoni, 10 Agosti 2024

Mudi,

Jana tumekusomea arobaini. Barua hii sina kondakta wa kumpa, lakini mtu aliyezoea kukusemesha hawezi kuacha kwa siku moja.

Bahasha yako ya mwisho niliichukua stendi siku ya tatu baada ya kukuzika. Nilisoma hapo hapo nimesimama, mpaka kwenye lile jiko. Kisha kichwa kukuuma. Mpokea mizigo akaniletea kiti.

Mzee Elinaza alikusindikiza mpaka huku Mtoni. Kaniambia asubuhi ile alipanga viazi vyake ubavuni kwako, akauza mpaka adhuhuri. Alidhani gari limeegeshwa tu, wewe umekwenda msikitini au umefuata mzigo. Walipovunja mlango vifuniko vyote saba vilikuwa mahali pake. Daktari alisema ni hewa ya mkaa, haina harufu, inajaa chumba kilichozibwa na mtu anaendelea kulala. Mzee alitaka kuniomba radhi kwa kutogonga. Nikamwambia aliyekataa mwanya wako ni mie, yeye aliusema mapema.

Nimekwenda kuitazama ile nyumba yetu. Mwanya bado upo, kati ya ukuta na bati, unaingiza mkono mzima. Maisha yangu yote nilidhani mama hakuziba kwa sababu ya umaskini.

Juzi kaja mteja wa Pugu, anaitwa Praygod, kanunua gari la kulala anataka vifuniko. Nilitaka kumfukuza. Kisha nikaona atakwenda kwa fundi mwingine, na huyo mwingine hajamzika mtu. Nimemshonea. Cha kioo cha nyuma nimekikata tundu la kupita ngumi, nikalishonea neti ya mbu, na nikamwambia moto asiuingize ndani kabisa. Akakigeuzageuza, akasema sista, hapa baridi si itaingia.

Nikamwambia ndiyo, itaingia.

Dada yako,
Zubeda