Andika Jina Lako Mlangoni

Ngombezi, Korogwe
Jumapili, 8 Septemba 1974

Mke wangu Zuhura,

Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke Handeni. Usishangae kuona sijamsalimia shemeji, wala mjomba, wala majirani. Salamu zao ninazo, nitawapa kwa mdomo. Karatasi niliyoipata ni hii moja na nataka iwe yako yote.

Huku wananiita mwalimu. Najua unacheka. Asubuhi nakata mkonge kama wenzangu, alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima nyuma ya ghala. Aliyekuwa akifundisha alihamishwa, halafu nyapara akanikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia la nne. "Basi wewe ndiye profesa wa kambi hii," akasema. "Utaanza kesho."

Nilidhani nimepata kazi ya kivulini. Watu wanakuja mikono imevimba kwa miiba, utomvu umewababua vidole, penseli haikai. Athumani, Msambaa mmoja wa Dindira asiyekosa neno, aliniambia, "Mwalimu, panga nalishika, jembe nalishika, hiki kijiti chako kinanikimbia kama mdeni." Wengine wanasinzia wamekaa. Siku nyingine mimi ndiye ninayesinzia, chaki mkononi, na wao wananiangalia bila kuniamsha.

Ilipofika hapo nikakukumbuka. Tulikuwa tumeoana karibuni, umeanika unga wa muhogo kwenye ungo, nikakushika kidole tukaandika jina lako juu ya unga. Mama akachungulia akasema, "Ninyi watoto mnachezea chakula?" Ukafuta haraka kwa kiganja. Lakini kesho yake nilikuta umeliandika tena peke yako, herufi ya kwanza imegeukia nyuma, na ulisimama mbele ya ule ungo asipite mtu. Sijakusahau ulivyosimama.

Basi niliwamwagia watu wangu majivu juu ya bati, wakaandika kwa kidole. Waliweza. Hiyo ndiyo siku pekee niliyorudi kambini nikiwa na furaha.

Sasa kuna mtihani. Afisa wa elimu anakuja Ijumaa tarehe 27, na kila mtu ataandika barua ya kwenda kwao. Juzi tulijaribu. Mama watoto, wote waliandika salamu. Baba, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, kila mtu kwa jina na kwa umri wake, mpaka karatasi ikaisha na hakuna aliyesema jambo lolote. Mwishoni kabisa wamebana maneno mawili, mimi mzima.

Mzee Mhina, ambaye ni mkubwa kuliko sote, kidole chake cha shahada kimeoza kwa mwiba. Nikamwuliza, "Mzee, mbona umeandika u mzima?"

"Nikiandika kidole, itakuwaje?"

"Watajua."

"Barua yangu inasomewa uani, mwalimu. Anasoma mtoto wa jirani, majirani wote wamekaa. Unataka mke wangu alie mbele yao? Na nikiacha kumsalimia shemeji, watasema huyu si mtu wetu, hii barua kaandika karani."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilirudi kambini nikazitoa barua zako, zile unazoandikiwa na Mhindi wa duka. Zote ni salamu. Zote mwishoni, sisi wazima. Nilikuwa nikizisoma nikilala usingizi mzuri.

Tena wiki hiyohiyo nilikutana na mtu wa kwetu pale Masuguru. Akaniambia kijiji chote kimehamishiwa barabarani, kule kwetu zimebaki kuta tu. Nyumba mpya zimepangwa safu kwa safu, zinafanana zote. Nikamwuliza habari zako na za mwanetu Mwanaidi. Akasema, "Sikumwona mkeo, ndugu yangu. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na mzigo wake kichwani."

Zuhura, tangu siku hiyo chakula hakishuki. Sijui umelala wapi. Sijui nani alikusaidia kubeba mtungi na kitanda. Sijui kama hunihesabu tena miongoni mwa watu wako, na ukifanya hivyo sitakulaumu. Nimeomba ruhusa, nyapara amenijibu, "Wakifaulu utakwenda. Wakishindwa unaanza nao upya." Nikiwaangalia watu wangu na vidole vile, naona watashindwa.

Kwa hiyo nimekata shauri. Nitasimama nao mpaka Ijumaa, kwa sababu Mzee Mhina ameniomba nisimwache peke yake na yule afisa. Wafaulu wasifaulu, Jumamosi tarehe 28 naondoka. Kama kazi itapotea, ipotee.

Barua hii nampa utingo wa lori linaloleta mizigo pale dukani kwa yule Mhindi. Nimemwagiza amwambie mwenye duka asiisome mbele ya watu. Akimaliza kukusomea, usimwombe akuandikie jibu. Tafuta kipande cha mkaa, uandike jina lako mlangoni, kubwa, kama ulivyoliandika kwenye ungo. Herufi ya kwanza ikigeuka, iache hivyo hivyo, ndivyo nitakavyojua ni mkono wako.

Tutakuwa ndani ya Ramadhani. Nitashuka barabarani Jumamosi hiyo kabla ya watu kufuturu, nianze nyumba ya kwanza ya safu ya kwanza, nikisoma milango.

Mumeo,
Baba Mwanaidi