Baba, Nimeshika Mashine Mbili za Kusomea kwa Vidole

Mpendwa Baba,

Wiki hii nilipewa mashine mbili nizijaribu, niseme shule yetu ya wasioona hapa Rumonge ichukue ipi. Ya kwanza inainua mistari mingi ya nukta nundu kwa mpigo. Nilisoma ukurasa mzima wa hesabu, vidole vikipanda na kushuka, bila kungoja mstari mmoja ufutike ndipo uje mwingine. Ya pili inainua michoro. Herufi zake zinasumbua kidogo na picha inachelewa kubadilika, lakini umbo la jani unalishika kweli.

Nikakukumbuka.

Ni ule mwaka wa vita shule ilipofungwa. Nilikuwa na miaka kumi, surua ilikwisha kuniondolea macho. Wewe, fundi wa nyavu, hukujua nukta hata moja. Ulichukua katoni, ukabandika uzi wa nyavu kuwa njia, kokwa za chikichi kuwa nyumba, mchanga kuwa ufuko, ili niweze kukufikia kazini. Kila asubuhi: "Pitisha kidole. Sasa uko wapi?" Nikikosea unacheka, tunaanza tena.

Siku risasi zilipolia milimani, Mama alikuwa sokoni na mimi nyumbani na Riziki, mdogo wangu wa miaka minne. Nilimshika mkono: nyumba tatu, kona, michikichi, teremka. Watu walitupiga vikumbo wakikimbia, nami nahesabu tu. Ulipotuona mchangani ulipaza sauti, "Nani amewaleta huku?"

"Mimi, Baba."

Ulikaa chini ukalia, kisha ukatupakia mtumbwini. Mama tulimkuta kijijini Kigwena, mzima.

Basi walimu wenzangu walitaka mashine ya mistari, na hawakukosea, maana mitihani ni maneno. Nikawaambia: maneno tunayapata hata kwa mashine yetu ya mstari mmoja, polepole. Michoro hatuna kabisa. Tulibishana sana, mwisho wakakubali.

Jana Mama Chantal wa Gatete, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, miaka mingi kabla ya kupofuka, aliwekewa ramani ya Ziwa Tanganyika. Vidole vikateremka, vikazidi kuteremka.

"Eeh! Ziwa yetu iko murefu hivi? Na mimi najua pwani ya kwetu tu!"

Darasa zima tukacheka. Yeye akaomba aanze tena kutoka juu.

Pumzika kwa amani, Baba. Huku tuko wazima, na moyo wangu umetulia.

Binti yako wa kwanza