Oili Nyekundu ya Baba

Kaka yangu,

Piga vigelegele, gari la baba limepona! Gia ya pili inaingia bila kulia, na fundi alishaapa kwamba giaboksi imekufa. Nililala chini ya gari mwenyewe, nikafungua nati, ikachuruzika oili nyekundu ya magari ya otomatiki! Kwani letu si la gia za mkono? Nikaweka oili yake, ile nzito, mpaka ikafurika.

Ile nyekundu aliimimina baba. Nilipompa kopo jipya asome, alilishika juu chini, akasema, "Hii ndiyo yenyewe, mwanangu."

Sasa anasema atakuja kukupokea stendi, tena akiendesha mwenyewe. Funguo nimezifukia kwenye unga. Njoo upesi, kaka. Kumwambia kuhusu macho yake, peke yangu siwezi.

Mdogo wako, bado nanuka oili.